Kufunga beringi za magurudumu ya lori la zamani la jeshi bila kuziua

Beringi ya gurudumu iliyoachiwa mchezo mdogo, yaani nafasi ndogo ya kusogea, inaweza kukaa miaka. Iliyobanwa kupita kiasi haimalizi safari ya Arusha hadi Karatu. Mafundi wengi wanalijua hilo mdomoni, lakini mkono ukishika spana unasahau, kwa sababu mwenye gari amesimama pembeni na anataka kuona gurudumu haliendi huku wala huku. "Mangi, mbona bado linacheza?" Basi unaongeza kidogo ili kumridhisha, na hicho kidogo ndicho kinachokwenda kuchemsha habu, kile kitovu cha gurudumu, kwenye mteremko wa Kikafu.

Mwongozo huu ni wa malori ya jeshi ya enzi za vita vya pili vya dunia na miongo iliyofuata: GMC CCKW zilizotengenezwa kuanzia 1941 hadi 1945, Bedford RL zilizoanza 1953, M35 za Marekani za miaka ya 1950 na kuendelea, na ndugu zao. Kanuni ni zilezile kwa Land Rover za Series, ila nguvu ya kukaza ni ndogo zaidi. Kama una kitabu cha gari lako, namba za kitabu ndizo bosi. Ninachoeleza hapa ni jinsi ya kufikia namba hizo, na kwa nini.

Kilichomo ndani ya habu

Kila habu ina beringi mbili zinazoangaliana, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Rola zake zina umbo la koni, mtindo ambao Henry Timken alipewa hataza yake Marekani mwaka 1898. Kila beringi ina vipande viwili: koni, yaani ringi ya ndani yenye rola na kizimba chake, na kikombe, ringi ya nje inayogongwa ndani ya habu.

Beringi ya gololi huja na nafasi yake kutoka kiwandani. Hii ya rola za koni haina nafasi yoyote mpaka uipe wewe kwa nati. Ukikaza, koni inasogea ndani ya kikombe na nafasi inapungua. Ukilegeza, inaongezeka. Sasa chuma kikipata moto hutanuka. Kama hukuacha nafasi, rola zinabanwa, msuguano unaongeza moto, na moto unaongeza kubana. Hapo hakuna breki ya kuusimamisha mzunguko huo mpaka grisi imwagike na kizimba kikatike.

Kwa malori mazito yenye beringi za kurekebishwa kwa mkono, kipimo kinachotumika sana Marekani ni mchezo wa inchi 0.001 hadi 0.005, yaani milimita 0.025 hadi 0.127, ukivuta na kusukuma habu kwa mstari wa ekseli. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1. Huo ndio ukubwa wa kitu unachokitafuta, kwa hiyo anayekuambia ameusikia kwa kutikisa tairi kwa mkono mmoja, mpe heshima yake halafu nenda kapime.

Kabla ya kufungua chochote: ni beringi kweli?

Gurudumu la mbele likicheza, watu hukimbilia beringi. Kwenye malori haya kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia likikata kona, huchoka pia, tena sana, hasa gari likikaa muda mrefu bila kupigwa grisi. Nyanyua gurudumu, shika tairi juu na chini, tikisa. Ukihisi mchezo, mwambie utingo akanyage breki na aishikilie, kisha utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, maana breki imelifunga dramu pamoja na bamba la breki. Ukibaki palepale, ni kingipini au jointi za ekseli, na ukifungua habu utakuwa unasumbua kisicho na kosa.

Zungusha gurudumu taratibu huku umeweka kiganja kwenye springi. Beringi iliyochubuka hupeleka mkwaruzo mpaka kwenye springi, na kiganja hupokea kile ambacho sikio halisikii pale gereji panapokuwa na kelele za grainda.

Kunyanyua, na mambo mawili yanayoua

Hapa sitaki haraka.

La kwanza ni hendibreki. Malori mengi ya aina hii, M35 ikiwemo, na Land Rover za Series pia, hendibreki yake haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye transfa, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lililo juu lizunguke na lililo chini libingirike. Hendibreki imevutwa, na lori linatembea. Ukichomoa shafti ya gurudumu ndiyo kabisa, upande ule hauna kinachoushika. Kwa hiyo weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, viwili kwa kila gurudumu, na usiamini gia. Fanyia kazi kwenye zege au weka ubao mpana chini ya jeki. Vumbi la huku kwetu likiwa kavu linabeba vizuri, lakini mvua za Aprili zikinyesha stendi inazama ukiwa chini yake. Jeki inanyanyua, stendi inabeba. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

La pili ni ringi za magurudumu, zile zinazobeba tairi, za vipande viwili. Magari mengi ya jeshi la Uingereza yana ringi zilizogawanyika katikati, nusu mbili zinazoshikana kwa nati zake zenyewe, tofauti na nati zinazoshika gurudumu kwenye habu. Jeshi lilizoea kupaka nati za kuunganisha nusu hizo rangi nyekundu ili mtu asizifungue tairi likiwa na upepo. Lori lililopita mikononi mwa wenye malori watatu na wapaka rangi wanne halina tena rangi nyekundu. Hata kama unaamini unazijua, toa upepo wote kwa kung'oa vali kwanza. Ringi iliyofunguka ikiwa na upepo haimjeruhi mtu, inammaliza. Ringi zenye pete ya chuma ya kufungia pembeni nazo zinataka adabu hiyohiyo: usiguse pete tairi likiwa na upepo.

Kingine kidogo: kwenye malori mengi ya zamani nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Angalia kichwa cha stadi (bolti inayoshika nati ya gurudumu) kama kina herufi L au R kabla hujaongeza bomba refu kwenye wili spana na kukata stadi ambayo hutaipata kirahisi.

Kufungua

Legeza marekebisho ya breki ili brekishuu ziachie dramu. Usipofanya hivyo utahangaika kulitoa dramu, na baadaye utakapokuwa unarekebisha beringi, breki inayokwaruza itakudanganya kwamba ni beringi inayobana.

Kwenye ekseli za nyuma za malori haya shafti haibebi uzito. Kazi yake ni kuzungusha tu. Habu inakaa juu ya bomba la ekseli, kwa hiyo unaweza kuchomoa shafti bila kutoa tairi. Legeza nati za flanji lakini ziache zishike thredi mbili tatu. Kama flanji imeshikwa na zile koni ndogo zenye mkato pembeni, gonga katikati ya flanji kwa nyundo ya shaba, pigo moja zito badala ya mengi mepesi. Koni zitaruka, na nati ulizoziacha ndizo zitazizuia zisikupige usoni. Weka kopo chini, oili ya difu itadondoka.

Ikidondoka nyingi, au ukikuta grisi ya habu imekuwa uji mwembamba wenye harufu ya oili ya giaboksi, jua sili imeruhusu oili ya difu kuingia. Kabla ya kulaumu sili, kakague kipumulio cha ekseli. Kikizibwa na tope, hewa iliyopata moto ndani ya ekseli haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili hata kama ni mpya. Kichomoe, kioshe, kipulize kwa mdomo. Kazi ya dakika tano, na inasahaulika kila mara.

Sasa nati. Ni kubwa na nyembamba, mbili, na katikati yake kuna washa ya kukunja au washa yenye matundu. Kunjua washa kwanza. Kisha tumia boksi spana yake. Tindo na nyundo ndiyo desturi ya mtaani, na ndiyo sababu nati nyingi za magari haya zimeng'atwa kona zote na stabu, ile ncha ya ekseli ambayo habu huzungukia, zimechimbika thredi. Ukikosa boksi spana dukani, mpelekee fundi wa lezi nati yenyewe. Akate bomba nene, alitengeneze lilingane na nati, achomelee mpini. Land Rover za Series zinataka boksi ya milimita 52, hiyo inapatikana kirahisi.

Toa habu kwa kuivuta sawasawa, na kidole gumba kikiwa kimezuia koni ya nje isidondoke mchangani.

Kuosha na kuhukumu

Osha kwa dizeli au mafuta ya taa. Petroli iache kwenye tangi. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, maana laini za brekishuu za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Beringi pia usiizungushe kwa upepo wa kompresa, hata kama mlio wake unapendeza kwa vijana. Rola ikichomoka kwenye kizimba inakwenda kama risasi.

Ikikauka, ipeleke juani na uitazame kwa utulivu. Hapa ndipo lori la jeshi linapotofautiana na Fuso ya kila siku. Fuso inachoka kwa kutembea, lori la zamani linachoka kwa kusimama. Limekaa uani miaka na miaka, grisi imekauka upande wa juu, unyevu umeingia, na kila rola imeacha mstari wa kutu kwenye kikombe pale ilipolala. Utaiona: mistari myembamba myeusi, imeachana kwa nafasi sawa, upande mmoja tu wa kikombe. Pitisha ukucha. Ukikwama, kikombe kimekwisha, na mistari hiyo ndiyo itakayokuwa mwanzo wa kumeguka. Usipokwama na ni doa tu la rangi, kinaweza kuendelea.

Rangi ya bluu au kahawia iliyoiva ni alama ya moto: kuna mtu alikwishabana hapo kabla yako. Vipande vilivyomeguka kama maganda, tupa bila mjadala. Vishimo vidogo vilivyopangana kuzunguka kikombe kizima hutokana na kugongwa, aidha barabarani au na fundi aliyepitisha nguvu ya nyundo kwenye rola.

Angalia na mahali kikombe kinapokaa. Kikizunguka ndani ya habu kwa kidole, una tatizo kubwa kuliko beringi. Kuna mtindo wa kudonoa habu kwa senta panchi ili uso wake uinuke na kikombe kishike. Kitashika siku ya kufunga. Vidonda vile vya panchi vinalala baada ya muda mfupi na kikombe kinaanza kuzunguka tena, safari hii kinaila habu. Habu ya namna hiyo itafutiwe nyingine au ipelekwe kwa fundi wa lezi anayejua kuweka slivu.

Koni na kikombe hubadilishwa pamoja, hata kama kimoja kinaonekana kizima. Nunua kwa namba iliyochorwa kwenye uso wa ringi, usikadirie kwa macho mbele ya kaunta, kwani beringi mbili za kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana mteremko wa koni.

Kugonga vikombe vipya, grisi na sili

Safisha nyumba ya kikombe mpaka ing'ae, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kikombe inakipindisha. Ukiwa na jirani anayeuza barafu, mwombe nafasi ya vikombe kwenye friza usiku mmoja. Vitanywea na kuingia kwa urahisi zaidi. Gonga kwa kutumia kikombe cha zamani kilichosagwa kidogo nje, au kipande cha shaba, ukizungukazunguka. Sikiliza. Kikombe kikiwa njiani kinalia kama sufuria. Kikifika chini sauti inageuka kuwa nzito na fupi, na nyundo inarudi mkononi tofauti. Ukisikia hivyo, geuza habu na uchungulie kwa ndani kuhakikisha hakuna mwanya wa mwanga kati ya kikombe na bega lake.

Grisi ni ya lithiamu namba 2, ya kuaminika. Usichanganye na grisi ya zamani ya aina usiyoijua. Jaza koni kwa kiganja: ukandamize upande mpana wa koni kwenye grisi mpaka itokee upande wa pili kati ya rola. Paka na vikombe. Ndani ya habu weka kiasi cha kufika theluthi hivi. Ukiijaza pomoni grisi haina pa kwenda, itachemka na kutafuta njia kupitia sili mpaka kwenye brekishuu.

Sili mpya kila unapofungua. Iloweshe mdomo kwa grisi, na uikague stabu pale sili inaposugua: kama kuna mfereji unaoukwaa ukucha, sili mpya itavuja kama ya zamani. Kwa magari yanayokwenda Engaruka na Ziwa Natron mfereji huo huja haraka, maana vumbi la majivu ya volkano linasaga kama msasa.

Kurekebisha

Rudisha habu kwenye stabu sawasawa, bila kuikalisha juu ya sili. Weka koni ya nje, washa yake ya mgandamizo, na nati ya kurekebishia kwa mkono. Kuanzia hapa kuna mambo mawili yasiyokubali njia ya mkato: habu lazima izungushwe wakati unakaza, na upimaji wa mwisho lazima ufanyike baada ya nati ya nje kukazwa.

1. Kaza nati ya ndani kwa futi-pauni 200, sawa na Nm 271, huku mwenzako anazungusha habu mbele na nyuma. Hii ni kwa nati kubwa za lori zito. Kitabu chako kikitaja kidogo, fuata kitabu. Kwa Land Rover nguvu hiyo ni ya kuharibu. Shabaha hapa ni kukalisha rola kwenye bega la koni na kukamua grisi iliyozidi. Bila kuzungusha, rola zinakaa upande, na siku ya pili barabarani zinajipanga zenyewe na kukuachia mchezo ambao hukuuweka.

2. Rudisha nyuma mzunguko mmoja kamili, habu iwe huru.

3. Kaza tena, safari hii futi-pauni 50, karibu Nm 68, bado unazungusha.

4. Rudisha nyuma kidogo. Kiasi gani kinategemea thredi za stabu, kati ya sehemu ya sita na theluthi ya mzunguko. Robo ni mahali pazuri pa kuanzia.

5. Ingiza washa ya kufungia na nati ya nje, kaza kwa nguvu ya kitabu.

6. Pima.

Hatua ya nne huwatatanisha watu, tuihesabu. Stabu yenye thredi 16 kwa inchi husogeza nati karibu milimita 1.6 kwa mzunguko mzima. Robo yake ni milimita 0.4, mara tatu ya mchezo mkubwa unaoruhusiwa. Sasa mbona turudishe nyingi hivyo? Kwa sababu kuna vinavyokuja kuila. Vyuma vilivyobanwa kwa futi-pauni 50 vinapoachiwa hurudi kwenye urefu wake, na hapo sehemu ya robo yako imekwisha. Kisha nati ya nje inapokazwa inaisukuma nati ya ndani kuelekea kwenye beringi, inamaliza ulegevu uliokuwa kwenye thredi. Stabu ya miaka sitini ina thredi zilizochoka, ulegevu wake ni mkubwa kuliko ule wa kiwandani, kwa hiyo nati ya nje inaiba zaidi. Ndiyo maana gari lililopimwa kabla ya nati ya nje linaonekana safi, na gari hilohilo baada ya kufungwa limebanwa. Nikikuta habu iliyoungua, hapa ndipo ninapotazama kwanza, na mara nyingi sihitaji kutazama kwingine.

Washa yenye matundu na pini ikikataa kulingana na nati, usiilazimishe kwa kukaza mbele. Igeuze upande wa pili. Mara nyingi matundu yake yamepangwa ili kuigeuza kukupe nusu ya hatua. Ikikataa bado, legeza, usikaze.

Ulimi wa washa ya kukunja hukunjwa mara moja. Mmoja ulale juu ya nati ya ndani, mwingine juu ya ya nje, baada ya kupima na kuridhika. Washa iliyokwishakunjwa na kunyooshwa ina ufa hata kama huuoni.

Kupima

Geji ya saa yenye sumaku wanayo mafundi wanaosaga krenki. Wengi hawana neno ukiiazima kwa saa moja na ukiirudisha safi. Bandika sumaku kwenye uso wa habu, elekeza ncha kwenye mwisho wa stabu. Shika habu au tairi kwa mikono miwili, saa tatu na saa tisa za uso wa saa ya ukutani, sukuma ndani huku unaizungusha kidogo kushoto na kulia, weka geji kwenye sifuri, kisha vuta nje vilevile. Tofauti ndiyo mchezo wako. Usitikise juu na chini kwa kipimo hiki. Tairi la lori ni refu na hukuza mchezo mdogo uonekane mkubwa.

Chini ya milimita 0.025, fungua nati ya nje, rudisha ya ndani kidogo, funga, pima. Zaidi ya 0.127, kaza kidogo, funga, pima. Utarudia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na anayeimaliza kwa mkupuo mmoja kila gurudumu nina mashaka naye.

Ukiwa porini bila geji, tumia ile washa nene iliyo kati ya nati na koni. Baada ya nati zote kufungwa, iguse kwa ncha ya bisibisi. Inapaswa kusogea pembeni kwa nguvu ya vidole viwili, bila kutumia bisibisi kama mtaimbo. Ikikataa kabisa, beringi imebanwa. Ikielea yenyewe, imelegea mno. Hii itakufikisha nyumbani. Ukifika, azima geji.

Barabarani

Rudisha shafti na gasketi mpya, kaza flanji, ongeza oili ya difu uliyomwaga, rekebisha breki. Peleka lori mpaka Usa River na kurudi, au kutoka Moshi elekea Himo, bila mzigo na bila kukanyaga breki ovyo. Simama, gusa katikati ya kila habu kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu ni sawa. Usipoweza kuuacha mkono pale, nyanyua gurudumu hilo na uanze upya kwenye hatua ya pili.

Linganisha kushoto na kulia kabla hujatoa hukumu. Dramu likiwa la moto kuliko katikati ya habu, hiyo ni breki inayokwaruza. Katikati ikiwa ya moto kuliko dramu, ni beringi. Zote mbili za upande mmoja zikiwa za moto, toa dramu ukague silinda ya breki kwanza, maana huenda imekwama.

Kaza nati za magurudumu tena ukirudi, na tena baada ya kilomita mia hivi. Vikombe vipya hukaa zaidi baada ya kubeba mzigo, kwa hiyo habu uliyoweka beringi mpya ipime tena kwa geji baada ya safari yake ya kwanza ndefu. Andika kwa rangi ndani ya mlango tarehe, kilomita, na mchezo uliouacha kwa kila gurudumu. Fundi atakayekufuata, hata kama ni wewe mwenyewe, atajua kama namba imekua au alikuta hivyo.